Kiswahili na Karatasi: Historia ya Uchapaji katika Mji wa Bukavu

Gazeti la Le Souverain lilianzishwa Bukavu mwaka 1992. Liliandikwa Bukavu, likahaririwa Bukavu, na wasomaji wake wengi walikuwa Bukavu. Hata hivyo, katika miaka ambayo Solange Lusiku Nsimire aliliongoza, kuanzia 2007, gazeti hilo lilipigwa chapa Bujumbura. Kurasa zilizokwisha kupangwa zilivuka mpaka na kuingia Burundi. Huko zilipigwa chapa, zikakunjwa na kufungwa mafungu, kisha zikarudi kwa barabara hadi mji zilikotoka. Nakala zenyewe zilihesabiwa kwa mamia, wala si kwa maelfu.

Habari hiyo ingeweza kuchukuliwa kuwa ni ya gazeti moja maskini katika nchi iliyochoshwa na vita. Lakini Bukavu si mji usio na wasomi. Una Chuo cha Ualimu (ISP), ambacho kilitoa majarida ya utafiti tangu miaka ya 1970, yakiwamo Antennes na Cahiers du CERUKI. Una Chuo Kikuu cha Kikatoliki, Chuo Kikuu cha Kiinjili na Chuo Kikuu cha Serikali. Kaskazini yake kidogo, Lwiro, ndipo Wabelgiji walipojenga makao ya taasisi ya utafiti wa kisayansi ya IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, yenye maktaba iliyosifika. Basi kwa nini mji wa namna hii ulilazimika kutafuta mtambo wa kupigia chapa gazeti lake katika nchi jirani? Na kwa nini gazeti lenyewe, lililouzwa kwa watu ambao sokoni, kanisani na nyumbani huzungumza Kiswahili, liliandikwa kwa Kifaransa? Maswali haya mawili hayako mbali kama yanavyoonekana. La kwanza ni la karatasi, mitambo na bei. La pili ni la lugha. Lakini katika historia ya Bukavu lugha na karatasi zimefuatana njia moja, na mara nyingi zimezuiliwa mahali pamoja.

Njia ya karatasi

Kongo ina msitu mkubwa kuliko nchi yoyote ya Afrika, na bado karatasi yake karibu yote huagizwa kutoka nje. Hili huwashangaza watu, lakini halina ajabu. Karatasi haitengenezwi kwa wingi wa miti, bali kwa aina ya miti, maji mengi, umeme usiokatika, dawa za kemikali na soko la kuaminika. Msitu wa asili una miti ya mamia ya aina iliyochanganyika, na kila aina hupikika kwa namna yake. Kiwanda hupendelea shamba la miti ya aina moja, yenye nyuzi ndefu na umri unaolingana, kama vile misindano. Miti hiyo huchunwa maganda, hukatwa vipande vidogo, hupikwa kwa magadi makali hadi nyuzi zitengane, na rojo hiyo huoshwa, huchujwa juu ya wavu unaokwenda mbio, hubanwa na kukaushwa kwa mapipa yenye mvuke.

Afrika ya Mashariki ilijaribu kazi hiyo mara mbili kwa kiwango kikubwa. Kiwanda cha Pan African Paper Mills, huko Webuye, magharibi mwa Kenya, kilianza uzalishaji mwaka 1974. Kile cha Mgololo, Mufindi, kilichotegemea mashamba ya misindano ya Sao Hill, kilifunguliwa mwaka 1985. Vyote viwili vilianzishwa kwa matumaini kwamba daftari la mtoto wa shule halitategemea tena meli kutoka Ulaya. Webuye ilifungwa mwaka 2009 baada ya miaka ya madeni, na baadaye, kama Mgololo, iliangukia mikononi mwa wawekezaji binafsi. Historia yao inastahili makala ya peke yake. Kwa Bukavu jambo moja latosha: hata viwanda hivi vilipokuwa vinafanya kazi vizuri, vilikuwa mbali, na kati yao na ziwa Kivu kulikuwa na mipaka mitatu au zaidi ya kuvuka, au treni na meli ya ziwani.

Ramani ndiyo inayoeleza zaidi. Mzigo unaoingia Bukavu kutoka bahari ya Hindi una njia mbili kuu. Ya kwanza huanzia Mombasa, hupita Kampala na Kigali, ikashukia Cyangugu na kuvuka daraja la mto Ruzizi. Ya pili huanzia Dar es Salaam, hufuata reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, huvuka ziwa Tanganyika kwa meli hadi Bujumbura au Uvira, kisha hupanda kwa barabara: ama ndani ya Kongo kupitia Kamanyola na makona ya Ngomo, ama kwa kukata kidogo ardhi ya Rwanda huko Bugarama. Wabelgiji waliithamini sana njia hii ya pili, na kwa mkataba wa 1921 na Waingereza walipata maeneo yao wenyewe bandarini Dar es Salaam na Kigoma. Kwa upande wa magharibi, Kinshasa ni mbali mno, na hakuna barabara ya kutegemewa. Kwa hiyo Bukavu imekuwa mji wa Kongo ambao bunda lake la karatasi hufika kupitia nchi za watu wengine. Kila mpaka una ushuru wake, kila kituo kina watu wake wanaongoja, na karatasi ni bidhaa nzito yenye faida ndogo. Mfanyabiashara mwenye nafasi katika lori atapakia nguo, sabuni au simu kabla ya kupakia karatasi.

Karatasi ina udhaifu mwingine ambao wasomaji wa vitabu huusahau, lakini wapiga chapa hawausahau kamwe: hunywa unyevu. Bukavu iko juu, zaidi ya mita 1,400, ukingoni mwa ziwa, na mvua zake huanza Septemba zikaendelea hadi Mei. Karatasi iliyowekwa ghalani bila kufunikwa vema huvimba pembezoni na kupinda katikati. Ikiingizwa katika mtambo wa ofseti hukwama, au karatasi mbili hupita pamoja, au rangi ya pili haiangukii mahali pa rangi ya kwanza. Vitabu vilivyogundishwa kwa gundi pasipo kushonwa huachia kurasa zake baada ya misimu michache. Mtambo nao wataka umeme, na umeme wa Bukavu, ingawa bwawa la Ruzizi limo mlangoni mwa mji tangu mwisho wa miaka ya 1950, umezoeleka kwa kukatika kuliko kwa kuwaka.

Vitabu kutoka mbali

Maandishi ya Kiswahili yalifika Kivu kabla ya mtambo wowote wa kuyapiga chapa. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kama Mapadri Weupe, walipokea kituo cha Mpala, kwenye ufuo wa magharibi wa ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na mwaka huohuo padri wa shirika lao, Delaunay, alitoa sarufi ya Kiswahili mjini Paris. Kutoka ziwa hilo walisonga kaskazini. Mwaka 1906 walikuwa Nyangezi, katika nchi ya Washi, na mwaka 1929 Kivu ikawa vikariati yake. Shirika hilo lilikuwa na kiwanda cha uchapaji huko Maison-Carrée, karibu na Algiers. Kwa muda mrefu kitabu cha Mapadri Weupe kiliweza kuandikwa kando ya ziwa la Afrika ya Kati, kikapigwa chapa kando ya bahari ya Mediteranea, na kurudi kikiwa kimezunguka nusu ya bara. Baadaye Tabora, kwa upande wa Tanganyika, na Usumbura, kwa upande wa Urundi, zilipata viwanda vya shirika hilohilo. Hicho cha Usumbura, Presses Lavigerie, ndicho kinachopaswa kukumbukwa hapa, kwa sababu kinaonyesha kwamba Bujumbura ilikuwa mji wa uchapaji kwa eneo zima la maziwa miongo mingi kabla ya Le Souverain kupeleka kurasa zake huko.

Ulinganisho na pwani unafaa. Zanzibar ilikuwa na mtambo wa misheni ya UMCA tangu enzi za Edward Steere, na vijana walioachiwa huru kutoka majahazi ya watumwa walifunzwa kupanga herufi. Sultani Barghash naye alianzisha uchapaji wa hati za Kiarabu, na ndiyo maana pwani ina neno matbaa. Mzanzibari wa mwaka 1890 aliweza kumwona mtu anayetengeneza kitabu cha Kiswahili kwa mikono yake. Mkaazi wa Bukavu wa mwaka 1930 alikiona kitabu kikishushwa katika sanduku. Mpaka leo lugha ya mji huo inaonyesha tofauti hiyo: mahali pa kupigia chapa huitwa kwa neno la Kifaransa lililolainishwa, na daftari huitwa kaye. Maneno haya si uchafu wa lugha, kama baadhi ya walimu wanavyopenda kulalamika. Ni risiti ya mahali vitu vilikotoka.

Kulikuwa na wachache waliofanya vinginevyo. Mmisionari wa Kiingereza John Whitehead alitoa kitabu chake cha Kingwana mwaka 1928 kikiwa na jina la misheni yake ya Wayika, kwenye mto Lualaba, badala ya jina la mji wa Ulaya. Elisabethville, mji wa migodi, ulikuwa na magazeti na viwanda vya uchapaji mapema, na huko lilichapishwa mwaka 1934 gazeti la Ngonga lililolenga wasomaji Waafrika. Kivu haikuwa na kampuni ya migodi yenye ukubwa ule wala wafanyakazi wengi waliokusanyika mahali pamoja. Costermansville, kama Bukavu ilivyoitwa chini ya Wabelgiji hadi miaka ya 1950, ilikuwa mji wa maofisa, wafanyabiashara na walowezi wenye mashamba ya kahawa, chai na mikwinini. Magazeti yake, kama Centre-Afrique, yaliandikwa kwa Kifaransa kwa ajili yao.

Kasha la herufi

Kabla ya ofseti na kompyuta kuenea, ukurasa ulipangwa herufi moja moja. Mpanga chapa alisimama mbele ya kasha pana lenye vyumba vidogo, kila chumba na herufi yake ya risasi. Aliziokota bila kuzitazama, maana mkono ulikwisha kuzoea, akazipanga mstari kwa mstari katika kifaa kidogo cha chuma alichokishika kwa mkono wa kushoto. Ukurasa ukimalizika ulifungwa kwa kabari, ukapakwa wino, ukapigwa; kisha herufi zilioshwa na kurudishwa kila moja chumbani mwake kwa kazi ya kesho.

Waliotengeneza herufi hizo hawakuziuza kwa idadi sawa. Waliziuza kwa seti, na seti ilipimwa kwa lugha ya mnunuzi. Seti ya Kifaransa imejaa e, s, n na t, na ina vyumba kadhaa vya herufi zenye alama juu yake. Lakini k na w ni wageni katika Kifaransa. Huonekana katika majina ya watu na miji na maneno machache ya kuazima, kwa hiyo seti huzileta chache tu. Sasa mpanga chapa apewe sentensi hii: Kitabu kikubwa kiko katika kabati. Ina k nane. Sentensi ya Kifaransa yenye maana hiyohiyo haina hata moja. Kiswahili hutumia k katika ngeli, katika viambishi vya mahali, katika vitenzi-jina vyote. Hutumia w kwa watu wote na kwa kauli ya kutendwa. A yake huizidi e ya Kifaransa. Kasha lililonunuliwa kwa ajili ya Kifaransa huishiwa na k kabla ukurasa wa Kiswahili haujafika katikati. Hapo mpiga chapa ana hiari tatu: kuagiza k za ziada kutoka Ulaya na kungoja meli, kupiga ukurasa nusu, kuubomoa na kuanza nusu ya pili, au kumwambia mteja kwamba bei ya Kiswahili si bei ya Kifaransa.

Isidhaniwe kwamba uhaba wa k ndio uliokinyima Kiswahili ukurasa katika Kongo ya Mashariki. Mitambo iliyoyeyusha risasi na kumwaga mstari mzima ilipunguza tatizo hilo, ofseti ikalifuta, na Kiswahili bado hakikupata nafasi yake. Sababu kubwa ilikuwa nani analipa. Mpiga chapa wa mji mdogo haishi kwa vitabu. Huishi kwa fomu, stakabadhi, vichwa vya barua, kadi za harusi, vyeti na taarifa za alama za wanafunzi. Katika Kongo ya Wabelgiji, na katika Kongo huru iliyofuata, karatasi za namna hii ziliandikwa kwa Kifaransa. Kiswahili kilifundishwa katika madarasa ya mwanzo, kikahubiriwa, kikaamriwa watu kambini na barabarani. Kifaransa kikatia sahihi. Katiba ya 2006 imeuweka mgawanyo huo wazi: Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Mteja mkuu wa mtambo, yaani serikali na shule, alikuwa na lugha yake, na mtambo ukajifunza lugha ya mteja.

Mfano wa kuchekesha kidogo wa hali hiyo unapatikana katika vichwa vya magazeti ya enzi ya Mobutu. Bukavu ilikuwa na gazeti la kila juma lililoitwa Jua. Lubumbashi ilikuwa na Mjumbe na Taifa. Majina ni ya Kiswahili safi, yanayoeleweka kutoka Kigoma hadi Lamu. Msomaji alipofungua ukurasa wa ndani alikuta Kifaransa. Kiswahili kilipewa herufi kubwa za juu, zile zinazohitaji k chache.

Karatasi ndogo zenye uzito mkubwa

Lakini ingekuwa kosa kuandika historia ya uchapaji Bukavu kwa kutazama vitabu na magazeti peke yake. Maandishi mengi ya mji huo, na hasa yale yaliyogusa watu, hayakupita katika kiwanda chochote. Yalirudufishwa.

Mashine ya kurudufu, ambayo katika Kongo huitwa roneo kwa jina la kampuni iliyoitengeneza, haikudai mengi. Mwandishi aliondoa utepe katika taipureta yake, akapiga moja kwa moja juu ya karatasi iliyopakwa nta. Kila herufi ilitoboa nta, na karatasi hiyo ilipozungushwa juu ya pipa lenye wino, wino ulipita katika matundu. Stensili moja iliweza kutoa mamia ya nakala kabla ya kuchanika. Haikuhitaji umeme ikiwa kuna mkono wa kuizungusha, haikuhitaji risasi wala mpanga chapa, na haikuwa na deni na lugha yoyote: taipureta ya Kifaransa ina k moja kama ilivyo na e moja, na k hiyo haiishi. Kwa Kiswahili cha Kongo huu ulikuwa ukombozi ambao haujapewa heshima yake. Maandishi mashuhuri kuliko yote ya Kiswahili cha watu wa kawaida nchini humo, historia ya mji wa Elisabethville iliyokusanywa na André Yav kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa majumbani mwaka 1965, yalienea kwa njia hii, na ni baada ya miaka 25, mwaka 1990, ndipo Johannes Fabian alipoyatoa kama kitabu. Kama nakala ile isingehifadhiwa na mtu, lisingebaki hata neno moja.

Huko Bukavu, maparokia, shule na vyama vya wakulima viliishi kwa stensili, na baadaye kwa fotokopi. Na ni katika vita vya miaka ya 1990 ndipo karatasi hizi ndogo zilipoonyesha nguvu yake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliandika barua baada ya barua kati ya 1994 na 1996, akiueleza ulimwengu hali ya wakimbizi na ya watu wa Kivu, hadi alipouawa mjini humo tarehe 29 Oktoba 1996. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alikuta mji ambao kuanzia Agosti 1998 ulitawaliwa na waasi wa RCD.

Mfuatano wa mambo katika mwaka 1999 wapaswa kuangaliwa kwa makini. Radio Maendeleo, iliyoanza kutangaza Bukavu mwaka 1993, ndiyo iliyokuwa imekipa Kiswahili cha mji huo kile ambacho karatasi ilikinyima: habari, mijadala na sauti za watu wa vijijini kwa lugha wanayoijua. Mwezi Julai 1999 wenye mamlaka wa RCD waliifunga. Miezi mitano baadaye, tarehe 24 Desemba, Kataliko alitoa waraka wake wa Noeli, ulioshutumu unyang'anyi wa mali ya watu uliofanywa na wageni pamoja na wenyeji. Ulisomwa makanisani. Mwezi Februari 2000 alizuiwa kurudi jimboni mwake na kupelekwa Butembo, mamia ya kilomita kutoka Bukavu. Aliruhusiwa kurejea mwezi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki mjini Rome.

Redio ilipozimwa, karatasi ilirudi kazini. Watawala wenye bunduki walioweza kukifunga kituo cha redio kwa kufuli moja walijikuta hawana cha kufungia waraka wa kurasa chache, kwa sababu haukuwa na mtambo mmoja wala mlango mmoja. Wakamfunga mwandishi badala yake. Uchapaji hafifu wa Bukavu, ambao katika sura nyingine za historia hii unaonekana kama udhaifu tu, hapa ulikuwa kinga.

Kinga hiyo ina gharama yake, nayo hulipwa na wanahistoria. Karatasi iliyorudufishwa haina nambari, haipelekwi maktaba ya taifa, haitajwi katika orodha yoyote. Wino wake hufifia, na karatasi ya bei nafuu hugeuka manjano na kukatika kwenye mikunjo. Sokoni, karatasi iliyoandikwa upande mmoja ni mali: hufungiwa karanga, mandazi na sabuni ya vipande. Nyaraka za ofisi nyingi za Kivu zimekwisha kwa njia hiyo ya amani kabisa, zikiongezewa na ile isiyo ya amani, maana Bukavu ilivamiwa na kuporwa mwaka 1996 na tena mwaka 2004. Mporaji huchukua taipureta na fotokopi. Makaratasi huyamwaga chini apate sanduku lililoyabeba.

Gazeti linalovuka mpaka

Hapo ndipo umuhimu wa Le Souverain unapoeleweka. Gazeti hilo lilizaliwa katika wimbi la magazeti yaliyoanzishwa baada ya Mobutu kutangaza mwisho wa chama kimoja tarehe 24 Aprili 1990. Lusiku Nsimire alipolipokea mwaka 2007 alikuwa mtu wa redio, aliyekwisha kufanya kazi Radio Maendeleo, na akawa mwanamke wa kwanza kuongoza gazeti katika Kivu ya Kusini. Kuondoka katika redio, chombo chenye wasikilizaji wengi, na kwenda kwenye gazeti la nakala chache kulikuwa ni kinyume cha hesabu ya kawaida. Lakini neno la redio hupita na upepo wa siku hiyo. Gazeti, hata la nakala mia chache, hubaki katika kabati la mtu.

Hesabu ya uchapaji haikuwa upande wake. Gharama kubwa ya gazeti haiko katika nakala ya mwisho bali katika ya kwanza: kupanga kurasa, kutengeneza bati la ofseti, kuuweka mtambo sawa, kuharibu makumi ya karatasi za mwanzo mpaka wino utulie. Nakala 20,000 zikigawana gharama hiyo, kila moja hubeba kidogo. Nakala mia tano zikigawana gharama ileile, kila moja inakuwa ghali kuliko chakula cha siku, na msomaji huazima kwa jirani. Kwa sababu jirani ameazima, nakala haziongezeki, na kwa sababu haziongezeki bei haishuki. Hakuna mwenye mtaji atakayeleta mtambo mkubwa wa magazeti katika mji wa namna hiyo, ambako karatasi imelipiwa ushuru mipakani na umeme haujulikani utakuwapo saa ngapi. Bujumbura, iliyo chini ya kilomita 150 na yenye bandari ambayo karatasi hushushwa kutoka melini, ilikuwa jibu la kiuchumi lisilokwepeka.

Lilikuwa pia jibu la hatari. Gazeti lililokosoa watawala lilipaswa kupita mbele ya maofisa wa mpakani likienda na likirudi. Lusiku Nsimire alivamiwa nyumbani kwake na watu wenye silaha zaidi ya mara moja. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain kilimpa shahada ya heshima mwaka 2012, na mwaka 2014 alipata tuzo ya kimataifa ya ushujaa katika uandishi wa habari. Alifariki Kinshasa mwezi Oktoba 2018, akiwa na umri wa miaka 46. Tuzo zile zilimsifu kwa ujasiri wa kuandika, na ni haki; lakini anayeijua barabara ya Kamanyola atakubali kwamba ujasiri wa kupiga chapa haukuwa mdogo kuliko ule.

Barabara hiyo yenyewe haikudumu kuwa wazi. Mwezi Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda, na njia fupi ya Bugarama ikapotea. Mwezi Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na bonde la Ruzizi kusini mwa mji likawa uwanja wa vita. Bunda la karatasi lililokuwa likipanda kutoka ziwa Tanganyika lilikuta mstari wa mbele pale palipokuwa na kituo cha ushuru.

Katika mitaa iliyo karibu na vyuo vya Bukavu, kazi ya karatasi imekuwa mikononi mwa vijana wenye vibanda: kompyuta moja, fotokopi moja, jenereta ndogo mlangoni. Humo mwanafunzi hupigiwa tasnifu yake, huirudufisha nakala anazodaiwa na chuo, na kijana huitoboa pembeni na kuitia ond ya plastiki, jalada la mbele likiwa jeupe linaloonyesha na la nyuma likiwa kadibodi ya rangi. Mazungumzo ya kibandani, bei, kasoro, na ahadi ya kuja kesho, yote huwa kwa Kiswahili. Kinachotoka katika mashine ni Kifaransa, isipokuwa mara chache tasnifu inapokuwa juu ya Kiswahili chenyewe. Nakala moja hubaki maktaba ya chuo, moja kwa mwalimu, moja kwa mzazi aliyelipa ada. Kwa utafiti mwingi uliofanywa kuhusu lugha na historia ya mji huo, hizo nakala tatu ndizo toleo zima.